Kuongoza Tawi la Vijana wa Kiyahudi: Mwongozo Kamili kwa Kijana Anayetaka Kukua

Kijana wa Kiyahudi akifikisha miaka 13 husimama mbele ya jamaa na kusoma Torati. Katika masinagogi mengi wasichana nao hufanya hivyo wakiwa na miaka 12 au 13, kufuatana na desturi ya sinagogi lao. Hupongezwa, hupewa zawadi, na baada ya hapo wengi hawaonekani tena. Masomo ya Kiebrania yamekwisha, wazazi hawasukumi kama zamani, na sinagogini waliobaki ni watu wazima. Vyama vya vijana vimejengwa juu ya pengo hilo. Nchini Marekani kuna NFTY ya Wayahudi wa Reform (dhehebu la kimageuzi) iliyoanza 1939, USY ya Conservative (dhehebu la kati) ya mwaka 1951, NCSY ya Orthodox (wanaoshika sana sheria za kale) ya mwaka 1954, na BBYO inayopokea vijana wa madhehebu yote.

Mimi ni mlezi wa kujitolea wa tawi la vijana huko Marekani, na mwongozo huu naandika kwa ajili ya kijana wa miaka 15 au 16 aliyechaguliwa kuongoza, au anayefikiria kugombea. Wazazi wake nao wausome. Nina imani moja ambayo imezidi kukomaa kadiri ninavyowatazama vijana hawa: cheo chenyewe hakimkuzi mtu. Anayekua ni yule anayewapa wenzake kazi ya kweli, na anayemwona aliyesimama peke yake ukutani. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka hapo.

Kabla ya hatua zenyewe, ujue umeingia katika ukoo gani. Mwaka 1923 wavulana wa Kiyahudi mjini Omaha, jimbo la Nebraska, walikuwa hawapokelewi katika vyama vya wanafunzi wa shule zao za sekondari. Wakaunda chao. Mwaka uliofuata kikageuka chama cha miji kadhaa kilichoitwa Aleph Zadik Aleph, na baadaye kikaja cha wasichana. Vyote viwili ndivyo BBYO ya leo. Karibu zaidi na kwetu, vilimani nje ya Mbale, Uganda, iko jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na watu wengi wakaiacha. Utawala wake ulipoanguka, vijana walikuwa mstari wa mbele kuifufua jamii hiyo miaka ya 1980: walikusanyika, wakalima pamoja, wakajifunza, wakarudisha ibada kilimani Nabugoye. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alitawazwa kuwa rabi mwaka 2008. Kwa hiyo mtu akikuambia chama cha vijana ni mahali pa kula piza tu, una la kumjibu.

Hatua ya 1: Chagua nafasi kabla hujachagua cheo

Katika matawi mengi viongozi huchaguliwa kwa kura za wanachama, na muda wao ni mfupi, mara nyingi miezi sita au mwaka mmoja. Kuna mwenyekiti, makamu anayeshughulikia ratiba, anayeshughulikia wanachama wapya, anayeshughulikia mambo ya dini na huduma kwa jamii, katibu, na mweka hazina. Katika BBYO vyeo hivi vina majina ya Kiebrania. Mwenyekiti wa wavulana ni Godol, wa wasichana ni N'siah.

Karibu kila mtu hutaka uenyekiti. Mimi humwuliza kijana swali moja: ni jambo gani linakutia hofu? Anayeogopa kupiga simu kwa watu asiowajua, nafasi ya wanachama wapya itamfaa kuliko uenyekiti. Anayepoteza kila karatasi anayopewa, agombee ukatibu. Hii si adhabu. Nafasi inayokugusa pale unapolegea ndiyo itakayokubadilisha, na miezi sita ni muda mfupi wa kuvumilia hofu.

Hotuba ya kugombea iandike katika ukurasa mmoja. Taja mambo mawili utakayofanya, yawe yanaonekana kwa macho: "Kila mwezi tutakuwa na Havdala moja nyumbani kwa mwanachama" (Havdala ni ibada fupi ya kuiaga Sabato), si "nitaleta umoja". Ukishindwa, mpongeze mshindi jioni ileile, na wiki inayofuata mwombe kazi.

Hatua ya 2: Tandaza kalenda mbili juu ya meza moja

Matukio mengi yanayofeli hufelia kwenye kalenda. Chukua ya shule na ya Kiyahudi, uziweke sambamba. Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi na kurekebishwa na jua, hivyo sikukuu husogea kila mwaka. Rosh Hashana (Mwaka Mpya), Yom Kippur (Siku ya Upatanisho) na Sikukuu ya Vibanda hufuatana ndani ya wiki chache za Septemba na Oktoba, wakati ambapo shule nazo zimepamba moto. Ijumaa usiku kuna mechi za mpira shuleni, na papo hapo Sabato imeingia. Mitihani ya kuingia chuo kikuu mara nyingi hufanyika Jumamosi asubuhi.

Halafu kuna jua lenyewe. Sabato huanza Ijumaa kabla ya jua kuzama, huisha Jumamosi nyota zinapoonekana. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linalozama saa zilezile mwaka mzima. Chicago sivyo. Desemba Sabato imekwisha saa kumi na moja na kitu jioni, na tawi lina usiku mzima mbele yake. Juni inafika saa tatu na nusu usiku ndipo uwashe mshumaa wa Havdala, na kuna wazazi wanaotaka watoto wao nyumbani saa nne. Tukio la Desemba ukilinakili Juni bila kufikiri, watu hawatakuja.

Andika tarehe zote za muhula mapema, uwape wazazi. Acha wiki moja kila mwezi isiyo na kitu. Vijana huchoka, na wewe pia utachoka.

Hatua ya 3: Gawa kazi nzima, usigawe vipande

Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa hapa zaidi.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa amekaa tangu asubuhi hadi jioni akiwaamua watu peke yake, na watu wamesimama foleni. Anamwambia waziwazi kwamba hafanyi vyema, kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu. Awaweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, abaki na yale mazito tu. Kila mwenyekiti mpya ninayemjua amewahi kuwa Musa yule wa asubuhi. Anatuma ujumbe yeye, ananunua chakula yeye, anaongoza mchezo yeye, anafagia yeye. Kisha analalamika kwamba kamati yake ni ya wavivu. Si wavivu. Hawajapewa kitu cha kushika.

Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mwenzako "nisaidie Jumamosi" na kumwambia "Havdala ya Jumamosi ni yako." Tuchukue hiyo Havdala, maana ni tukio dogo ambalo lina kila kitu ndani yake. Ibada yenyewe ni fupi, haifiki nusu saa. Inahitaji kikombe cha divai, na kwa vijana ni juisi ya zabibu. Inahitaji manukato ya kunusa, na katika vikasha vingi vya Wayahudi utakuta karafuu, zilezile za Unguja na Pemba. Inahitaji mshumaa uliosukwa wenye tambi zaidi ya moja. Taa huzimwa. Watu husimama duara, mabega yakigusana, mwanga mmoja katikati. Kikasha cha karafuu kinapita mkono kwa mkono. Kila mtu anakunja vidole na kuutazama mwanga kwenye kucha zake. Mwishoni mshumaa unazimwa ndani ya juisi iliyomwagwa kwenye sahani, unasikika ukitoa sauti, na watu wanatakiana wiki njema: *shavua tov*.

Sasa mpe msichana wa miaka 14 jambo hilo lote. Kumpa lote maana yake ni kumpa mambo manne: matokeo unayotaka ("watu 20 wafanye Havdala, kila mtu ajue kinachoendelea"), kiasi cha fedha, siku atakayokuletea mpango, na ruhusa ya kuamua mengine yote. Nani ashike mshumaa, nani aimbe, karafuu ziwekwe kwenye nini, hayo ni yake. Alhamisi mpigie simu kwa dakika kumi. Muulize, "Umekwama wapi?" Usimuulize, "Umemaliza?" Swali la kwanza hufungua mazungumzo, la pili humfanya aseme ndiyo hata kama hajanunua mshumaa.

Usiku wenyewe kaa nyuma. Atasahau kiberiti, au atachanganya baraka ya manukato na ya moto. Mikono itakuwasha uingilie. Itulize. Mwenzake mwingine ataleta kiberiti, naye atakumbuka hilo kwa miaka. Ukiingilia mbele ya watu utakuwa umeokoa dakika mbili za ibada na kumpoteza kiongozi.

Baadaye, mkiwa wawili tu, mwambie jambo moja mahususi alilofanya vizuri na jambo moja la kurekebisha. Moja, si matano. Kisha mpe kubwa zaidi.

Utapata hasara. Kuna tukio litakuwa baya kuliko ungeliandaa mwenyewe. Likubali. Ukuaji wako upo katika uvumilivu huo, ambao watu wengi wazima hawajawahi kuupata.

Hatua ya 4: Mlinde mgeni

Mgeni anaamua kama atarudi ndani ya muda mfupi sana, mara nyingi kabla hata shughuli haijaanza. Anaingia, anakuta kundi linacheka utani wa kambi ya kiangazi iliyopita, anatoa simu yake mfukoni na kuitazama. Ndiyo kusema keshaondoka.

Weka watu wawili mlangoni kila tukio, wabadilike kwa zamu, na kazi yao iwe hiyo tu. Wamwulize jina, wamtambulishe kwa mtu mmoja wanayefanana naye kwa jambo fulani, shule, mpira, muziki, na wasimwache mpaka amekaa. Kabla ya siku mbili kupita apigiwe simu. Ujumbe wa kundi hautoshi. Maneno yawe mepesi: "Mambo! Tulifurahi kukuona Jumamosi. Wiki ijayo tunapika, njoo tukae meza moja."

Jihadhari na milango isiyoonekana. Kuna asiyesoma Kiebrania, basi chapa baraka kwa herufi za Kilatini pamoja na maana yake, umpe kila mtu, ili asijitenge mwenye kuhitaji. Kuna mwenye mzazi mmoja Myahudi ambaye amechoka kuulizwa. Kuna wasio na uwezo wa kifedha. Na kuna Wayahudi weusi, wenye asili ya Ethiopia, Uganda, au Marekani kwenyewe, ambao huulizwa mlangoni, "Wewe kweli ni Myahudi?" huku mwenzao mweupe akipita bila swali. Swali hilo linaumiza, na nimewaona vijana wasirudi kwa ajili yake. Mwenyekiti alikomeshe kabla halijatokea: aifundishe kamati yake kwamba mlangoni tunauliza jina, basi.

Chakula nacho ni mlango. Tawi likiwa na mwanachama mmoja anayekula kosheri kikamilifu, yaani chakula kinachofuata sheria za Kiyahudi tu, chakula chote kitoke mahali penye idhini ya kosheri, na nyama isikutane na jibini. Hata peremende ziangaliwe, kwa sababu jelatini nyingi hutokana na nguruwe. Kumletea yeye sahani yake ya pembeni ni kumwambia kwamba karamu si yake.

Hatua ya 5: Simama uzungumze

Kiongozi ataombwa kutoa *d'var Torah*, neno fupi juu ya sehemu ya Torati ya wiki hiyo. Vijana huogopa hapa kuliko popote. Njia ni hii. Soma sehemu ya wiki mapema, tafuta mstari mmoja unaokusumbua, si unaokupendeza. Andika swali lako kwa maneno ya kawaida: kwa nini Musa alihitaji mkwewe amwambie jambo lililo wazi namna ile? Tafuta jibu moja la mfafanuzi wa kale, muulize rabi kama huna pa kuanzia. Kisha sema lako. Dakika tatu hadi tano, zisizidi. Soma kwa sauti mbele ya ndugu yako nyumbani, na kila sentensi inayokukwaza ulimi ikate.

Maswali ya kweli hayaharibu imani ya wasikilizaji. Utamaduni huu umejengwa juu ya maswali, kuanzia mtoto mdogo anayeuliza usiku wa Pasaka kwa nini usiku huu si kama nyingine.

Hatua ya 6: Fedha, kwa ufupi

Daftari moja, risiti zote, watu wawili wanaoona kila matumizi, na mlezi akiwa mmoja wao. Tenga mapema fungu la sadaka na fungu la kuwasaidia wasioweza kulipia makongamano. Maombi ya msaada huo yaende kwa mtu mzima mmoja, kimyakimya, bila jina kufika kwenye kamati.

Hatua ya 7: Ugomvi, umbea, na habari nzito

Maadili ya Kiyahudi yanakataza *lashon hara*, kumsema mtu vibaya hata kama unayosema ni kweli. Siku hizi uwanja wake ni kundi la WhatsApp. Weka sheria siku ya kwanza: jambo la mtu huzungumzwa na mtu mwenyewe, ana kwa ana au kwa simu. Maneno yakianza kuwaka kwenye kundi, andika mara moja tu kwamba mazungumzo yanahamia kwenye kikao, na usiongeze la pili.

Wawili wakigombana katika kamati, tumia njia ya nyumba ya Hillel. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasema kwamba kati ya shule mbili za wahenga zilizobishana, sheria ilifuata nyumba ya Hillel dhidi ya nyumba ya Shammai kwa sababu watu wa Hillel walikuwa wapole, na walifundisha maneno ya wapinzani wao kabla ya yao wenyewe. Fanya hivyohivyo: kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali, "Ndiyo, hicho ndicho ninachosema." Ndipo atoe yake. Inachosha, lakini mara nyingi ugomvi hupungua nusu kabla haijafika zamu ya pili.

Kuna mazito zaidi. Tarehe 27 Oktoba 2018 watu 11 waliuawa katika sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh wakiwa katika ibada ya Sabato. Vijana unaowaongoza wamekua wakiona walinzi mlangoni. Tangu Oktoba 2023 wamebeba pia huzuni, hofu na mabishano kuhusu Israel na Gaza, shuleni na ndani ya tawi lenyewe, na hawana msimamo mmoja. Usijifanye msemaji wao. Fungua kikao cha kusikilizana, kila mtu apewe dakika zake, asikatizwe, asirekodiwe. Anwani ya tukio isiwekwe hadharani mtandaoni, wapewe wanachama na wazazi. Mpango wa usalama ni wa watu wazima, ila wewe uujue: mlango gani hufungwa, nani huitwa.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Kijana mwenzako akikuambia anataka kujidhuru, au kwamba kuna mtu anamtendea vibaya, usiahidi siri. Mwambie, "Nakujali, kwa hiyo siwezi kulibeba hili peke yangu," kisha mpelekee mlezi au mfanyakazi wa chama siku hiyohiyo. Ukiwa na miaka 16 wewe ni kiongozi wa rika. Daktari si wewe, wala polisi. Kuna vijana wema wanaovunjika kwa kubeba mizigo ambayo haikuwa yao, na hakuna tawi linalostahili gharama hiyo.

Hatua ya 8: Jipime

Kila mwisho wa mwezi andika majibu ya maswali matatu kwenye daftari lako mwenyewe. Nani mwezi huu amefanya jambo ambalo mwezi uliopita asingeweza? Nani ameacha kuja, na nimempigia? Ni kazi gani ninayoing'ang'ania kwa sababu inanipa sifa? Swali la tatu ndilo gumu, na jibu lake ndilo kazi ya kwanza kuigawa mwezi unaofuata.

Idadi ya waliohudhuria iandikwe, ila usiiamini sana. Piza ya bure huleta watu, na haituambii chochote kuhusu watakaobaki.

Hatua ya 9: Kabidhi

Anza kukabidhi muhula ukiwa katikati. Rabi Tarfoni, mmoja wa wahenga wa kale, alifundisha kwamba si juu yako kuimaliza kazi, wala huna uhuru wa kuiacha. Mwenyekiti wa miezi sita anaielewa kauli hiyo kuliko mtu yeyote.

Andaa faili moja lenye kalenda iliyotumika, majina ya kumbi na bei zake, orodha ya wazazi wanaokubali kuendesha gari, maduka ya kosheri, nywila zote, na maelezo mafupi ya kila tukio: kilichofaa, kilichoshindikana, kilichogharimu. Kaa na mrithi wako jioni moja mlipitie ukurasa kwa ukurasa. Mtambulishe kwa rabi na kwa msimamizi wa jengo la sinagogi, ambaye kwa kawaida ndiye anayejua funguo zote ziliko na ndiye anayesahaulika kushukuriwa.

Kikao cha kwanza cha kamati mpya usihudhurie. Akikupigia kuuliza, mjibu alichouliza, usimweleze wewe ungefanyaje. Atafuta tukio ulilolipenda na kuweka lake. Nenda uhudhurie hilo lake, ufike mapema, umwulize kama kuna viti vya kupanga.